Waliosomea Kufundisha Sanaa: Makerere na Walimu Wake wa Mwanzo

Wanaoandika tarehe ya uchoraji na uchongaji wa Afrika Mashariki katika karne ya ishirini aghalabu huanza na wasanii, wakawataja kwa picha zao zilizotundikwa katika majumba ya maonyesho ya ng'ambo na kwa sanamu zao zilizosimamishwa katika njia kuu za miji, wala si vibaya kufanya hivyo, maana kazi hizo ni adhimu na zinastahili kutajwa. Walakini mtu afuataye usuli wa mambo hayo hadi chemchemi yake hukuta kwamba chuo kilichowalea wengi wao hakikuasisiwa kwa nia ya kupata wachoraji wa kuuza picha, bali kilitokana na swali la mwanamke mmoja aliyetaka kujua ni nani atakayewafundisha watoto kuchora, na atawafundisha kwa njia gani. Na tena kwamba karibu kila jina kubwa la kizazi cha kwanza ni jina la mtu aliyeshika chaki mkono mmoja na brashi mkono wa pili.

Kabla ya shule za serikali na za misheni, elimu ya sanaa ilikuwako katika nchi hizi, na ilikuwa na taratibu zake. Katika miji ya pwani, aliyetaka kujua kuchonga nakshi za mlango alikaa na fundi, akatumwa, akanoa patasi, akafagia vumbi la mbao, na kwa muda wa miaka mingi macho yake yakazoea mkono wa mkubwa wake mpaka siku alipopewa ubao wake mwenyewe. Hati yake ya kuhitimu ilikuwa jina la yule aliyemfunza. Shule zilipofunguliwa zilileta somo la kazi za mikono, yaani kusuka mikeka na vikapu na useremala kidogo, ambalo lilikusudiwa zaidi kumpa kijana riziki kuliko kuikuza fikira yake, na kuchora kukawa aghalabu ni kuiga umbo lililochorwa ubaoni. Upande wa magharibi wa bara, katika Lagos, Aina Onabolu alikwisha kuonyesha kwamba jambo zaidi ya hilo lawezekana: alikwenda London mwaka 1920 kusoma uchoraji, akarejea mwaka 1922, akafundisha katika shule za mji ule na kuisihi serikali ilete walimu wengine wa somo hilo, na mwaka 1927 akaletwa Kenneth Murray. Huku kwetu jambo hilo lilisubiri miaka kumi zaidi.

Mwanamke aliyeuliza swali lile, Margaret Trowell, alizaliwa Uingereza mwaka 1904. Alisoma uchoraji katika chuo cha Slade mjini London, kisha, na hili ndilo lenye uzito kwetu, akasomea ualimu katika mji uo huo chini ya Marion Richardson, mwalimu aliyepata sifa kwa kazi ya wasichana wa shule ya Dudley, ambayo mjuzi mashuhuri wa sanaa Roger Fry aliionyesha London mwaka 1917. Njia ya Richardson ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitenda: mwalimu hakuweka chungu mezani akaamuru kiigwe, bali aliwasimulia wanafunzi habari ya jambo, mtaa wenye taa usiku wa mvua, mathalani, wao wakafumba macho wakaitazama picha iliyozuka ndani ya nafsi zao, kisha wakafumbua na kuichora kabla haijapotea. Atakayetumia njia hiyo hana budi kuwa bingwa wa kusimulia na bingwa wa kuchora kwa pamoja, maana akipungukiwa na la kwanza wanafunzi hawataona kitu, na akipungukiwa na la pili hatajua namna ya kumsaidia aliyekwama njiani.

Mwaka 1929 Trowell alifika Kenya pamoja na mumewe, Hugh Trowell, aliyekuwa tabibu, nao wakaishi Machakos kati ya Wakamba, mahali ambapo alizitazama kazi za mikono za wenyeji kwa macho ya mtu anayejifunza. Mwaka 1935 walihamia Uganda. Baada ya muda mfupi alianzisha darasa la kuchora katika baraza ya nyumba yake huko Mulago, bila ya jengo wala fungu la fedha la kutajika, na mwaka 1937 kikachapishwa London kitabu chake juu ya sanaa na kazi za mikono za Kiafrika na namna ya kuzikuza katika shule. Anayekisoma kitabu hicho leo huona dhahiri kwamba kimeandikiwa mwalimu: habari zake ni za udongo, ukindu, nyuzi, magome na rangi zipatikanazo karibu, na jinsi ya kumwongoza mtoto avitumie. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London katika Imperial Institute, na darasa lile la barazani likapata makazi katika Chuo cha Makerere, chuo kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi na ambacho wakati huo kilikuwa kikipanda daraja kuelekea elimu ya juu.

Yafaa kukaa kidogo juu ya ufundishaji wake, kwa kuwa wema na upungufu wake vimefuatana na elimu ya sanaa ya nchi hizi hata baada ya yeye kuondoka. Aliwasimulia wanafunzi hadithi, za Biblia na za vijijini, akawaachia wazichore kwa kadiri walivyoziona wenyewe, na kwa makusudi hakuwawekea mbele picha za mabingwa wa Ulaya, akichelea wasije wakageuka kuwa waigaji. Heshima iliyomo katika azma hiyo ni kubwa, hasa tukikumbuka kwamba wengi katika serikali ya siku zile hawakuamini kwamba Mwafrika ana sanaa ya kukuzwa. Lakini kizuizi nacho ni kizuizi, hata kikiwekwa kwa mapenzi. Vijana wale walikwisha kuona picha katika vitabu vya shule na katika makanisa. Kuwafanya kana kwamba hawakuona chochote, na kuwawekea mpaka wa kile kiitwacho roho ya Kiafrika kabla hawajaulizwa wenyewe ni kipi wakitakacho, kulikuwa ni kuamua kwa niaba yao, na tabia hiyo ya kuamua kwa niaba ya watu haikuwa ya Trowell peke yake katika zama hizo.

Wanafunzi wake walimjibu kwa kazi. Gregory Maloba, kijana wa Mumias aliyezaliwa mwaka 1922, alichonga mwaka 1941 sanamu ya mbao aliyoiita Mauti, akapelekwa baadaye kusoma Uingereza, akarudi akawa mwalimu wa uchongaji Makerere kwa miaka mingi, halafu akafundisha Nairobi. Apitaye Kampala mjini huiona kazi yake ya mwaka 1962, Sanamu ya Uhuru, umbo refu lililozungushiwa vifungo mwilini likimwinua mtoto aliyenyoosha mikono juu. Sam Ntiro, mwana wa Machame aliyezaliwa mwaka 1923, aliingia Makerere mwaka 1944, akahitimu, akabaki kufundisha, kisha akaenda Slade tangu 1952 hata 1955, na huko London, mbali na mlima wake, alichora migomba, mavuno na sherehe za Wachaga kwa kukumbuka tu, kama alivyozoezwa. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka mbege, yaani pombe ya ndizi, kwa bibi harusi usiku, imo katika hazina ya Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Alirudi Makerere akafundisha hadi mwaka 1961, akawa Balozi wa Tanganyika mjini London, akashika kazi ya utamaduni serikalini, na mwishowe akarejea darasani, safari hii katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu aliyeonja ubalozi akarudi kusahihisha michoro ya wanafunzi alikuwa na sababu ya kurudi.

Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu wa mwaka 1932, ndiye anayeonyesha vizuri kuliko wote namna elimu hizo mbili zilivyofungamana, kwa kuwa juu ya stashahada ya sanaa aliongeza ile ya ualimu, akafundisha watoto katika shule ya mazoezi ya Makerere. Mwaka 1959 alimaliza michoro mitano mikubwa ya ukutani katika kanisa la kumbukumbu la Fort Hall, yaani Murang'a, iliyosimulia maisha ya Kristo tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa, mandhari yake yote yakiwa ya milima na mashamba ya Wakikuyu, mahali ambapo vita vya Mau Mau vilikuwa vimemwaga damu muda mfupi tu uliopita. Kisha akaanzisha nyumba ya sanaa ya Kibo huko kwao Marangu, na mwaka 1965 pamoja na wenziwe wakaanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi, ambayo ilikuwa mahali pa kufundishia kadiri ilivyokuwa mahali pa kuonyesha picha.

Sasa juu ya shahada yenyewe. Makerere ilipofungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, wanafunzi wa fasihi na sayansi walianza kupata shahada za London, lakini msomi wa sanaa aliendelea kutoka na stashahada, na aliyetaka kufundisha akaongeza mwaka wa ualimu juu yake. Tofauti hiyo haikuwa ya karatasi tu. Katika shule za sekondari cheo na mshahara vilifuata shahada, kwa hiyo mwalimu wa sanaa aliingia chumba cha walimu akiwa chini ya mwenziwe wa Kiingereza au wa hesabu, ijapokuwa alisoma miaka ile ile na kuchoka vile vile. Trowell aliondoka mwaka 1958, na nafasi yake ikashikwa na Cecil Todd, aliyetoka Afrika Kusini, ambaye aliugeuza muhtasari wa masomo: akaingiza historia ya sanaa ya dunia, elimu ya rangi, na mabingwa wa Ulaya ambao mtangulizi wake aliwaweka kando. Wako wanaomlaumu Todd kwamba aliifungulia Ulaya mlango. Mimi naona aliwapa wanafunzi haki ya kuona na kuchagua wenyewe, na kwamba bila ya somo la historia na nadharia isingalikuwa rahisi kuishawishi seneti ya chuo chochote kwamba sanaa yastahili shahada. Nayo shahada ikapatikana katika miaka ya 1960, siku za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichounganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam tangu 1963 hadi 1970.

Chuo hicho kilipogawanyika, kila nchi ilikwenda njia yake. Uganda iliingia mwaka 1971 katika utawala wa Idi Amin, na wasanii walimu wakatawanyika. Miongoni mwao Theresa Musoke, aliyesoma Makerere na kisha Marekani, aliishi Kenya kwa muda mrefu na kufundisha huko, hata mali ya Makerere ikawa mali ya Nairobi kwa njia ya msiba. Kitivo cha elimu cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilihamishiwa Chuo cha Kenyatta mwaka 1978, na Kenyatta ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1985, na hapo aliyetaka kuwa mwalimu wa sanaa aliweza kusoma shahada ya elimu iliyochanganya sanaa na ualimu tangu mwaka wa kwanza. Mwaka huo huo mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza Kenya, ukiwa na sanaa na kazi za mikono katika masomo ya shule za msingi yanayotahiniwa, na mara walimu wakatafutwa kwa haraka. Mtihani ulipoondolewa baada ya miaka isiyofika ishirini, somo likabaki katika ratiba kwa jina, na kipindi chake kikachukuliwa na hesabu katika shule nyingi. Huu ndio udhaifu wa tangu zamani: hadhi ya mwalimu wa sanaa imefuata karatasi ya mtihani, wala haijafuata manufaa ya somo.

Tanzania ilikuwa na hali nyingine. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilizipa kazi za mikono heshima, lakini heshima ya uzalishaji. Na mwaka uliofuata, bila ya chuo wala shahada, Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta juu ya mbao laini za mraba, akawafunza jamaa zake kando yake kama walivyofunza mafundi wa nakshi. Alifariki mwaka 1972, na mafunzo yake yakaendelea kwa mikono ya wale aliowafunza. Wapo wanaotumia habari hiyo kusema kwamba shahada ya sanaa ni anasa. Hoja hiyo hainitoshi. Uanagenzi humfikia aliye karibu na fundi, na fundi huchagua amtakaye; haumfikii mtoto wa Singida au Turkana asiyekuwa na fundi karibu. Huyo mwenye kumfikia ni mwalimu wa shule tu, na mwalimu huyo lazima awe amesoma mahali fulani kuchora, kuchonga, kufinyanga, kuchapa picha, kuijua historia ya kazi hizo, kuijua akili ya mtoto wa miaka saba na ya kijana wa miaka kumi na saba, na kusimama katika mazoezi ya kufundisha mbele ya wanafunzi arobaini ambao hawana brashi hata moja.

Rosemary Karuga aliyasoma hayo. Aliingia Makerere mwaka 1950, akiwa mwanamke katika darasa la wanaume, akatoka mwaka 1952, na kwa miongo kadhaa iliyofuata alikuwa mwalimu wa shule katika Kenya, bila ya maonyesho wala sifa za magazetini. Alipostaafu, katika miaka ya 1980, akiwa hana fedha za kununulia rangi, alianza kukata makaratasi ya sabuni na ya mafuta ya kupikia na kuyabandika yakawa picha za mashamba, kuku na watu wa kijijini, na Paa ya Paa ya Njau ikampokea akafanya kazi pale. Kazi hizo zilifika Paris, London na New York, na walioandika habari zake wamezieleza kama mwanzo uliochelewa. Mimi nadhani miaka yake ya darasani ilikuwa ni kazi ya sanaa pia, na kwamba ile hila ya kupata rangi katika karatasi la sabuni yaweza kuwa imetoka huko huko, mahali ambapo kila mwalimu wa somo hilo hulazimika kupata kitu katika kisichokuwapo. Madaftari ya walimu hao, michoro ya wanafunzi wao na mihtasari waliyoiandika kwa mkono imebaki makabatini mwa shule na katika masanduku ya familia, na mchwa hawangoji. Wenye majumba ya kumbukumbu ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wangeanza kuikusanya sasa, wakati wako hai waliofundishwa na kizazi hicho na wawezao kusema ni mchoro upi ni wa nani.