Koti la theluji lililofika Makongolosi

Koti lilikuwa la bluu, na mwenye nalo ni dereva wa bodaboda pale Makongolosi. Alilinunua kwenye mitumba mnadani, siku ambayo wenzake waligombea jinzi. Tulikuwa tumekaa kivulini, nikaliomba nilitazame. Kwenye mkono wa kushoto, karibu na kiganja, lina kimfuko chenye zipu kinachotosha kadi moja tu. Ndani, usawa wa kiuno, kimeshonwa kitambaa chenye lastiki, mfano wa sketi fupi. Nusu ya sketi hiyo alikwisha kuikata kwa mkasi kwa sababu ilimbana akikaa kwenye pikipiki.

"Kaka, hii sketi ni ya nini hasa?" akaniuliza.

Ni ya kuzuia theluji. Mtu anayeteremka mlima kwa kasi juu ya ubao au skii akianguka, theluji huingia chini ya koti na kupanda hadi mgongoni. Sketi ile hukaza kiuno isipite. Kimfuko cha mkononi ni cha kadi ya lifti inayompandisha mlimani. Mashine huisoma kadi humo humo, naye hana haja ya kuvua glovu katika baridi kali. Koti lilishonwa kwa kazi hiyo, na leo linavuka baridi ya Kawetire alfajiri, njia ya Chunya kwenda Mbeya, na abiria nyuma.

Jibu hilo lilimfurahisha kuliko nilivyotegemea. Nami lilinirudisha kwenye jambo ninalolifuatilia kwa miaka: vifaa vya theluji vina historia ndefu katika nchi zetu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya watu waliobeba vifaa vya wenzao wakati wao wenyewe hawana.

Tuanzie Kilimanjaro. Mwaka 1887 Mjerumani Hans Meyer alipanda akakwama kwenye barafu. Hakuwa na vifaa vya kumvusha pale. Alirudi mwaka 1889 akiwa na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg aliyeijua milima ya Alpi vizuri, na safari hiyo walikuja na shoka za barafu na kamba. Barafu ilikuwa ngumu na mteremko mkali, kwa hiyo ilibidi wachonge ngazi kwa shoka, kipande kwa kipande, ili mguu upate pa kukanyaga. Tarehe 6 Oktoba 1889 walisimama kileleni.

Nyuma ya watu hao wawili kulikuwa na msafara. Marangu wanamtaja Yohani Lauwo kuwa ndiye aliyeongoza njia. Na kuna Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki nao kwenye kambi ya juu, akawapikia na kuwatunzia moto. Fikiria mtu aliyezaliwa penye minazi na mto Pangani, analala karibu na barafu, huku shoka na kamba nzuri viko mikononi mwa wengine. Nadhani kila kitabu cha kilele hicho kingepaswa kumtaja Mwini Amani kwenye ukurasa wa kwanza.

Mwaka 1912 skii zikafika. Walter Furtwängler, ndugu wa Wilhelm Furtwängler, yule kiongozi maarufu wa okestra, alipanda Kibo pamoja na Siegfried König, wakateremka sehemu ya mlima kwa skii. Mbao hizo zilivuka bahari, zikapita porini, zikapandishwa mlima mzima ili zitumike kwa muda mfupi. Barafu waliyoiona wao haipo tena kwa ukubwa ule. Tangu mwaka huo wa 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro imetoweka.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi kiko Mlima Kenya, na shujaa wake alikuwa mfungwa. Felice Benuzzi, Mwitaliano aliyekamatwa Ethiopia wakati wa Vita Kuu ya Pili, alifungwa kambini Nanyuki. Asubuhi moja mawingu yalifunguka akauona mlima. Kuanzia hapo hakuwaza kingine. Hakuwa na duka wala ramani. Picha ya mlima aliyoitumia kujipangia njia ilikuwa kwenye karatasi ya kopo la nyama. Nyundo ziligeuzwa shoka za barafu. Kamba zilitoka kwenye uzi wa mkonge uliokuwa kwenye vitanda vya kambi. Na yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu ili mtu asiteleze kwenye barafu yalitengenezwa kwa madigadi ya gari bovu lililotupwa jalalani.

Mtu yeyote wa Makongolosi anaielewa akili hiyo. Hapa kwenye machimbo ya dhahabu chuma chakavu hakitupwi. Springi ya lori la Fuso inakuwa moko, yaani patasi ya kuvunjia mwamba, na moko likifupika linakuwa kitu kingine. Mwezi Januari 1943 Benuzzi alitoroka na wenzake Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Batian, kilele kikuu, kiliwashinda. Kwa vifaa vile isingewezekana. Ila wawili kati yao walifika kilele cha Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya nchi yao, kisha wakashuka na kujirudisha kambini wenyewe. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha peke yao, wakatumikia saba. Mkonge wa kitandani ulikuwa umewashikilia hadi juu na kuwarudisha salama.

Turudi Kilimanjaro. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, usiku wa uhuru wa Tanganyika, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na Mwenge wa Uhuru juu ya mlima huo. Taifa lilikuwa limepata mlima wake. Wapagazi wa mlima huo, wanaojiita wagumu, waliendelea kwa miongo mingi kupanda na raba zilizotoboka na sweta za mitumba, wakiwa wamebeba mahema na majaketi ya wageni. Baridi ya mita 4,600 haimuulizi mtu kama ni mgeni au mpagazi. Mwaka 2003 ndipo ulipoanza Moshi mradi wa kusaidia wapagazi, ambao pamoja na mengine huwaazima bure viatu, majaketi na suruali za baridi. Mzigo wa mgumu umewekewa kikomo cha kilo 20, na mizani iko getini. Kati ya 1889 na 2003 ni miaka 114. Nimeihesabu mara nyingi na bado inaniuma.

Sasa twende Japani, Februari 1998, Olimpiki ya Majira ya Baridi mjini Nagano. Wiki hiyo hiyo mambo mawili yalitokea kwa mara ya kwanza. Mbio za ubao wa theluji ziliingia Olimpiki: Ross Rebagliati wa Kanada na Karine Ruby wa Ufaransa wakachukua dhahabu za mbio za kuteremka kwa kupita kati ya milango ya fito. Na Mkenya akaingia kwenye mashindano ya theluji.

Mkenya huyo ni Philip Boit, mkimbiaji wa mbio za kati kutoka upande wa Eldoret, wa ukoo wa Mike Boit aliyepata shaba Munich 1972. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimpeleka yeye na Henry Bitok Finland wajifunze skii. Theluji alikuwa hajawahi kuiona. Miaka miwili baadaye alikuwa kwenye mstari wa kuanzia wa kilomita 10.

Mwanariadha wa Eldoret akiwa na mapafu na raba, anakwenda. Skii za mbio ndefu hazimtii mtu kwa mapafu peke yake. Chini yake hupakwa nta za aina mbili: mbele na nyuma nta ya kuteleza, katikati chini ya mguu nta ya kushika, ili anaposukuma skii ing'ang'anie theluji na anapoiachia iende. Theluji ya baridi kavu ina nta yake, theluji mbichi ina yake. Ukikosea, ama utarudi nyuma kila ukipanda, ama theluji itaganda chini ya skii uburute mizigo miwili. Mataifa makubwa huja na mafundi wanaoamka usiku kupima joto la theluji na kujaribu skii kadhaa kabla ya kuchagua. Boit alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alikataa kwenda kuvishwa medali mpaka Boit afike, akamkumbatia kwenye mstari. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie, akarudi Olimpiki za 2002 na 2006.

Miaka 20 baada ya Nagano, huko Pyeongchang, akaja Sabrina Simader. Amezaliwa Kilifi mwaka 1998, akahamia Austria na mama yake akiwa mtoto mdogo, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya katika Olimpiki ya Majira ya Baridi. Yeye alishindana kwenye miteremko mikali, ambako mtu huzidi kilomita 100 kwa saa akiwa hana chuma chochote cha kumzunguka. Katika kasi hiyo kinga huwa ndiyo gari lenyewe.

Na kinga hizo, moja moja, zilikuja baada ya msiba. Mwaka 1959 John Semmelink, kijana wa Kanada, alianguka kwenye mbio za Garmisch-Partenkirchen akafa. Mwaka uliofuata, Squaw Valley, helmeti zikawa lazima kwenye mbio za kuteremka Olimpiki. Ikafuata kinga ya uti wa mgongo, sahani ngumu zinazopishana kama magamba ya samaki. Siku hizi kuna fulana yenye mfuko wa hewa: ina vifaa vinavyosoma mwendo wa mwili, na mtu akipoteza mwelekeo fulana hujaa kabla hajagusa chini. Kuanzia msimu wa 2024/25 imekuwa sharti kwenye mbio za kasi za Kombe la Dunia, pamoja na nguo za ndani zisizokatika, maana kingo za skii ni visu.

Tena visu vinavyonolewa kila siku. Kwenye ubao ni vivyo hivyo. Mpanda ubao wa mbio havai vile viatu laini vya wanaocheza. Huvaa viatu vigumu vya plastiki, na ubao wake ni mrefu na mwembamba. Akipinda, anasimama juu ya ukingo mmoja wa chuma kwenye barafu ngumu. Fundi hubana ubao ubavu ukiwa juu, huweka tupa kwenye kishikio kinachotunza pembe, nyuzi 87 au 88, kisha huivuta upande mmoja kwa mkono usiotetema. Halafu hupitisha jiwe la almasi kuondoa vinyuzi vya chuma vilivyobaki, na mwisho hujaribu kwa ukucha: kingo kali hukwangua ukucha ukabaki unga mweupe. Baada ya mbio, kabla ya chai, kingo hufutwa maji. Kutu ya usiku mmoja inatosha kuharibu kazi ya wiki. Ukiisha msimu, ubao hupakwa nta nzito kwa pasi na kuachwa hivyo hivyo mpaka baridi irudi.

Niliposoma hayo nilikumbuka mzee mmoja hapa kwetu anayenoa moko za wachimbaji. Naye hujaribu kwa ukucha. Na kabla vijana hawajashuka duarani, yaani kwenye shimo la mgodi, hupitisha kamba ya winchi yote mkononi, futi kwa futi, akiwa amefumba macho, kwa sababu anasema uzi uliokatika mkono huuona kabla ya jicho.

Nta nayo ina habari yake. Kwa miongo kadhaa nta zenye kasi kuliko zote zilikuwa na kemikali za florini. Zilipopashwa kwa pasi zilitoa moshi, na mafundi waliuvuta kwenye vibanda vilivyofungwa dhidi ya baridi. Damu zao zilipopimwa huko Skandinavia zilikutwa na kemikali hizo kwa wingi kupita watu wa kawaida, na kemikali hizo mwili hauziachii upesi. Mshindi alipanda jukwaani, fundi akabaki na sumu. Mafundi wakaanza kuvaa barakoa zenye vichujio vya hewa, na hatimaye, kuanzia msimu wa 2023/24, nta hizo zikapigwa marufuku kabisa mashindanoni na skii zikaanza kupimwa. Oktoba 2023, huko Sölden, Ragnhild Mowinckel wa Norway akawa wa kwanza kuondolewa kwenye matokeo ya Kombe la Dunia kwa sababu hiyo.

Jioni hiyo ya koti la bluu nilipitia kwa jirani yangu mmoja, mchenjuaji wa dhahabu. Alikuwa amechuchumaa kwenye jiko la mkaa, mkononi ana koleo, juu yake kidonge cha dhahabu na zebaki kikubwa kama punje ya hindi. Zebaki ilikuwa inaondoka na dhahabu inaanza kung'aa. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Minamata unaotaka moshi huo ukomeshwe, na kipo chombo cha bomba kinachoukamata na kuirudisha zebaki kwenye maji, itumike tena. Jirani alikuwa amefunga puani kipande cha kanga alichokilowesha.

Nilimweleza habari za wale mafundi wa nta, jinsi walivyoanza kuvaa barakoa, na jinsi nta yenyewe ilivyopigwa marufuku. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuondoa macho kwenye koleo. Kisha akauliza mafundi hao walifanya kazi hiyo miaka mingapi kabla ya kupimwa damu, nikamwambia wengine zaidi ya kumi. Akapiga hesabu ya kwake kimya kimya, akasogeza jiko upande ambao upepo ulikuwa unaelekea, akamwita mwanawe aliyekuwa amesimama nyuma yetu aende ndani.