Pishi, Kiwanja na Hesabu ya Maneno

Mtoto wa Sinza, katika jiji la Dar es Salaam, akienda dukani kutaka mchele, mwenye duka humwuliza, "Kiasi gani?" Akitaka mayai, huulizwa, "Mangapi?" Mtoto huyu bado hajafundishwa sarufi, walakini amekwisha kujua ya kuwa viko vitu vya kupimwa na viko vya kuhesabiwa. Miaka michache baadaye, mtoto yule yule huandika kwa Kiingereza "many informations". Hupigiwa alama ya kosa, na pengine wenzake humcheka. Kwa kuwa masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, aibu hiyo yaweza kumfunga kinywa kwa muda mrefu. Je, ni mjinga? Sisi walimu yafaa tuitazame historia kabla ya kumhukumu.

Hapo kale wazee wetu wa pwani walipima nafaka kwa kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Karafuu za Unguja ziliuzwa kwa frasila, ndiyo yapata ratili 35. Hata pembe za ndovu, ijapokuwa zaweza kuhesabiwa moja moja, ziliuzwa kwa frasila. Baadaye debe la mafuta ya taa likawa kipimo cha mahindi, na leo sokoni twaona unga na maharagwe yakipimwa kwa sado, kopo lililotoka katika biashara ya rangi. Vyombo hubadilika, lakini kazi yao ni moja: kukifanya kisichohesabika kihesabike. Mchele hauhesabiki, pishi mbili za mchele zahesabika.

Na Sinza yenyewe ni shahidi. Katika miaka ya 1970, kwa mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ardhi ya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ilipimwa, ikakatwa viwanja. Kabla ya kupimwa, mtu aliweza kusema ana ardhi nyingi au ardhi kidogo. Baada ya hapo alisema ana kiwanja kimoja.

Waingereza nao wana mpaka huo. Kwa vitu vya kuhesabiwa husema "many" na "few". Kwa vya kupimwa husema "much" na "little". Mtaalamu wa Denmark, Otto Jespersen, aliieleza tofauti hiyo katika kitabu chake The Philosophy of Grammar cha mwaka 1924. Lakini si wataalamu walioweka mpaka. Uliwekwa na desturi, nao umepata kuhama. Zamani Waingereza waliita njegere "pease", wala "s" ile haikuwa alama ya wingi. Watu wakadhani kuwa ni ya wingi, wakaiondoa, na kufikia karne ya 17 wakapata neno jipya la umoja, "pea". Lililokuwa kosa likawa sarufi.

Kiswahili chetu nacho kina mpaka. Twasema watu wachache, lakini maji kidogo. Watu wangapi, lakini maji kiasi gani. Ila neno "-ingi" hutumikia pande zote mbili: watu wengi, maji mengi. Tena mpaka wetu haupiti mahali pale pale unapopita wa Waingereza. Sisi twasema habari mbili na mikate mitatu. Kwao "information" na "bread" hazihesabiki mpaka zitanguliwe na neno la kipimo, kama "a piece of" au "a loaf of". Basi mtoto yule hakukosa akili. Alihesabu kama alivyofundishwa nyumbani, asijue kwamba mpaka umepita kwingine.

Kwa hiyo, ndugu walimu, somo hili tulianzie dukani na sokoni. Mtoto aulizwe kwanza: kiasi gani, au mangapi? Kisha tumwambie kwamba "piece" ndiyo pishi ambayo Mwingereza hupimia habari. Hapo ataipokea lugha ya wageni pasipo kudhani kuwa lugha ya mama yake haina sarufi. Na asipoyashika yote kwa siku moja, tusimcheke: haba na haba hujaza kibaba.