Motakaa na Mashua za Mbio

Wasikilizaji wetu, twataka kuwaeleza habari za Waingereza wawili waliosifiwa kwa kuendesha motakaa, kisha wakaingia katika mbio za mashua za injini.

Wa kwanza ni Henry Segrave. Mwaka 1923 alishinda mashindano makuu ya motakaa ya Ufaransa. Mwaka 1929, katika pwani ya Daytona, Marekani, alikwenda mwendo wa maili 231 kwa saa, wala hapakuwa na mtu aliyepata kumfikia katika nchi kavu. Mwaka ule ule, huko Miami, alimshinda Mmarekani Gar Wood kwa mashua. Tarehe 13 Juni, 1930, katika ziwa Windermere, alipita maili 98 kwa saa, mwendo usiopata kufikiwa majini. Akazidi kukimbia, mashua ikapinduka. Fundi wake mmoja alikufa, naye Segrave akafa siku ile ile. Yadhaniwa waligonga gogo lililokuwa likielea.

Wa pili ni John Cobb. Mwaka 1947 motakaa yake ilifikia maili 394 kwa saa. Tarehe 29 Septemba, 1952, katika ziwa Loch Ness, mashua yake ilipita maili 200, ikakutana na mawimbi, ikavunjika vipande vipande, naye akafa.

Je, walikosa ujuzi? Hasha. Lakini barabara iliyokaguliwa asubuhi huwa ile ile adhuhuri, maji sivyo. Sisi wa Mkumbi twawasikia wavuvi wa Mbamba Bay: Nyasa huwa shwari alfajiri, na kabla ya jua kupanda, pepo za mwera zimekwisha kuliamsha. Basi mvuvi hulitazama ziwa kila siku kana kwamba halijui.