Mbiu Bila Mgambo: Historia ya Kengele ya Usalama na Swali la Anayeisikia

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Methali hii hunukuliwa sana, lakini ni nadra kuchambuliwa. Ndani yake mna mambo mawili, na wengi wetu hulikumbuka moja tu. La kwanza ni mbiu, yaani sauti. La pili ni mgambo, yaani watu walioisikia sauti hiyo na wanaojua kwamba wana wajibu wa kutoka. Sauti bila watu hao ni kelele tu.

Leo, katika ofisi za umma, maabara za vyuo, benki na maghala ya dawa, mbiu imehamia ndani ya kisanduku cha chuma kilichotundikwa ukutani. Wafanyakazi wengi hukipita kila siku bila kukitazama. Humo mna paneli ya udhibiti, betri na nyaya zinazokwenda kwenye vihisi vya milango na madirisha, na siku hizi mna pia njia ya kuunganishwa na intaneti au mtandao wa simu. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba historia ya kifaa hiki ni historia ya swali moja la kisiasa: kengele ikilia, nani anaisikia, na nani analazimika kuja? Anayefunga au kununua paneli bila kulijibu swali hilo huwa amenunua pambo la ukutani.

Tuanzie Boston, Marekani, mwaka 1852. Mwaka huo jiji hilo lilizindua mfumo wa telegrafu wa kutangaza moto, uliobuniwa na William Channing na Moses Farmer. Visanduku vya ishara viliwekwa mitaani. Aliyeona moto alizungusha mkono wa kifaa, na kituo kikuu kikajua ishara imetoka kisanduku kipi. Mfumo ulikuwa mali ya jiji. Nyumba ya tajiri na kibanda cha mhamiaji viliingia katika hesabu moja, kwa sababu moto hauulizi hati ya nyumba. Hata hivyo, visanduku vya mwanzo vilikuwa na kufuli, na funguo walikabidhiwa askari na raia walioaminiwa. Kwa hiyo, hata pale mbiu ilipokuwa ya umma, swali la nani anashika ufunguo lilikuwapo tangu siku ya kwanza.

Mwaka mmoja baadaye, 1853, huko Somerville, jirani kabisa na Boston, mchungaji Augustus Pope alipata hataza ya kengele ya umeme ya kugundua wezi. Mlango au dirisha likifunguliwa, saketi ilibadilika na kengele ikalia. Elimu ilikuwa ileile ya sumaku na umeme, lakini siasa yake ilikuwa tofauti. Kengele ya moto ililiita jiji zima. Ya wezi ilimwamsha mwenye nyumba peke yake. Mwaka 1857 mfanyabiashara Edwin Holmes aliinunua haki ya ubunifu huo, na mwaka 1859 akahamishia biashara New York, kwenye mali nyingi na hofu nyingi.

Holmes alitambua kwamba kengele inayolia ndani ya nyumba isiyo na mtu haina faida. Ikazaliwa biashara ya kituo cha kati: nyaya kutoka kwa wateja zikakutana mahali pamoja, ambapo mtu aliyelipwa mshahara alikesha akizisikiliza. Mwaka 1871 Edward Calahan naye alianzisha utaratibu wa kuunganisha nyumba za mtaa na kituo kimoja. Mteja alituma ishara, na kijana mjumbe akatumwa kwake. Kutokana na mkondo huo likakua shirika la American District Telegraph, linalojulikana hadi leo kwa herufi ADT. Wajibu wa jirani ukageuka huduma ya kulipia.

Kuna jambo ambalo wanafunzi wangu huwa hawaliamini hadi walihakikishe wenyewe. Mwaka 1877, simu ilipokuwa bado changa, mwana wa Holmes alizitumia nyaya za kengele mjini Boston kuunganisha simu za wateja wachache. Mchana nyaya zilibeba mazungumzo, usiku zikarudi kulinda maduka na benki. Tumezoea kudhani kwamba kengele ya usalama ni mtoto wa mtandao wa mawasiliano. Katika tukio hili kengele ilitangulia, na simu ikapita katika njia iliyokwisha kuchimbwa na hofu ya wenye mali.

Pale wajibu unapogeuzwa bidhaa, atatokea mtu atakayetaka kuihodhi. Mwaka 1966 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri kati ya serikali na kampuni ya Grinnell, ambayo ilikuwa imezikusanya chini yake ADT, Holmes na kampuni nyingine ya kengele za moto. Kwa pamoja zilikuwa na asilimia 87 ya soko la huduma za vituo vya kati vilivyoidhinishwa na kampuni za bima. Mahakama ilithibitisha kwamba huo ulikuwa ukiritimba uliojengwa kwa njia haramu: makubaliano ya kugawana maeneo, ununuzi wa washindani na mbinu za bei. ADT ilishusha bei pale ilipokuwa na mshindani, na kupandisha kwa kiasi kikubwa mikataba ilipohuishwa katika miji ambako ilikuwa peke yake. Mteja aliyedhani amenunua usalama alikuwa ameingia katika utegemezi.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu visanduku hivi havikuingia katika nchi isiyokuwa na mbiu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Unyamwezini na Usukumani, wizi wa mifugo ulipokithiri na dola ikiwa mbali, wanakijiji waliunda sungusungu. Kiini chake kilikuwa mwano, yowe la hatari ambalo kila mwenye nguvu alipaswa kuliitikia. Asiyetoka aliulizwa alikuwa wapi, na aliweza kuadhibiwa. Hapa mbiu na mgambo vilikuwa kitu kimoja. Hapakuwa na mteja wala mkataba, bali ujirani wenye meno.

Nisieleweke kwamba naililia enzi iliyopita. Yowe lilelile lililorudisha ng'ombe liliweza pia kumwangamiza asiye na hatia. Wapo waliopigwa na kuteswa bila kusikilizwa, wakiwamo vikongwe waliotuhumiwa uchawi. Umati unaofika haraka huweza pia kuhukumu haraka. Ninachosema ni kwamba kila mfumo wa kengele hubeba jibu lake kuhusu wajibu na uwajibikaji. Boston ilijibu kwa dola ya jiji, Holmes kwa mkataba, sungusungu kwa ujirani. Je, paneli iliyoko ofisini kwako inajibuje?

Majibu yake yameandikwa katika namna ilivyofungwa. Tuanze na nyaya. Paneli nzuri hupima ukinzani wa saketi ya kila kanda kwa kutumia rizista ndogo iliyowekwa mwisho wa waya. Waya ukikatwa au ukiunganishwa kwa hila, kipimo hubadilika na paneli hutambua. Lakini rizista hiyo ina maana ikiwa imewekwa kule kwenye kihisi. Fundi mvivu huiweka ndani ya kisanduku chenyewe. Taa zinawaka vizuri, mteja anasaini, na waya mzima kuanzia hapo hadi mlangoni unabaki bila ulinzi wa kweli.

Kisha betri. Betri ya Ah 7 inayolisha mtambo unaotumia mA 350 itadumu takriban saa 20 ikiwa mpya. Ongeza vihisi na vifaa vya mawasiliano hadi mA 700, nayo itadumu saa 10. Ikizeeka, pungufu ya hapo. Katika nchi inayolijua neno mgao, hesabu hii ingepaswa kuwamo katika kila hati ya zabuni. Mara nyingi haimo, na mwizi anayefuatilia ratiba ya umeme anakuwa ameijua kabla ya ofisa ugavi.

Halafu njia ya mawasiliano. Paneli ya mtandao hutuma ishara kituoni kupitia intaneti, na inafaa iwe na njia ya pili kupitia laini ya simu. Ikifungwa vizuri, kila baada ya muda mfupi hutuma ujumbe wa kusema ni mzima, ili hata ukimya wake uwe habari. Hapa kwetu, hata hivyo, laini hiyo huhitaji salio, na huhitaji kusajiliwa kwa jina la mtu au taasisi. Tangu Januari 2020, laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa nchini. Nimewauliza watumishi kadhaa wa umma laini iliyomo ndani ya paneli yao imesajiliwa kwa jina la nani. Wengi hawakujua kwamba humo mna laini.

Mwisho ni misimbo. Kila paneli huwa na msimbo wa mtumiaji na msimbo wa fundi. Wa kwanza huwasha na kuzima. Wa pili hubadili kila kitu, pamoja na namba zinazopokea taarifa. Katika taasisi moja ambayo sitaitaja, kompyuta ziliibwa usiku na mlinzi wa getini akawa wa kwanza kushikiliwa. Paneli ilikuwa na kumbukumbu inayoonesha saa ambayo kengele ilizimwa na kwa msimbo wa nani. Mlinzi hakuwahi kupewa msimbo wowote. Lakini hakuna aliyeweza kuisoma kumbukumbu hiyo, kwa kuwa msimbo wa fundi aliondoka nao fundi, na ujumbe wa tahadhari ulikuwa umekwenda kwenye simu ya ofisa aliyekwisha kustaafu. Ushahidi wa kumtoa mtu mahabusu ulikuwa ukutani, hatua chache kutoka alipokaa kila usiku. Alikaa siku tatu.

Kisa hiki kinaonesha kwamba paneli haitawali wezi tu. Inatawala pia wafanyakazi. Kumbukumbu zake zinajua nani aliingia na nani alitoka, na saa ngapi. Zikiwa mikononi mwa mkuu mwenye chuki, ni silaha. Zikisomwa kwa utaratibu wa haki, ni ngao ya mnyonge. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu wanaokusanya taarifa za namna hii. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2019. Ni taasisi ngapi zimewaambia watumishi wake kwamba paneli ya mlangoni hukusanya taarifa zao?

Kuunganishwa na mtandao kumeongeza swali jingine: nani mwingine anaisikia mbiu yetu? Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na vifaa vingi vya mtandao duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya nywila za kiwandani ambazo wenye vifaa hawakuzibadilisha. Vifaa vya ulinzi vikageuzwa jeshi la kushambulia mitandao ya wengine. Mwaka 2021 wadukuzi waliingia katika mfumo wa kampuni ya Verkada ya Marekani kwa kutumia akaunti moja ya usimamizi mkuu, na wakadai kufikia kamera wapatao 150,000, zikiwamo za hospitali, shule na magereza. Ni ufunguo wa visanduku vya Boston tena, isipokuwa sasa mmoja unafungua milango yote kwa pamoja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uliye katika utumishi wa umma, kabla ya kusaini hati ya makabidhiano ya mfumo wa kengele, uliza haya. Msimbo wa fundi uko wapi, na umebadilishwa kutoka ule wa kiwandani? Laini na akaunti ya mtandaoni vimesajiliwa kwa jina la taasisi, au la mtu? Betri ilipimwa lini kwa kuzima umeme kwa makusudi? Kengele ikilia saa nane usiku, ni nani kwa jina na cheo anayepokea taarifa, na ana usafiri gani wa kufika? Akihamishwa au kustaafu, nani anabadili orodha? Mlinzi ana haki gani ya kuomba kumbukumbu zisomwe kabla hajashikiliwa?

Nanyi wanafunzi na wanaharakati, msiyaache maswali haya kwa mafundi. Kengele hizi hununuliwa kwa fedha za umma, hukusanya nyendo za watumishi, na hutumika kuamua nani ashukiwe. Ombeni kuiona mikataba yake. Pale mtakapokuta hakuna jina la mtu mbele ya neno "mpokeaji", andikeni hivyo katika ripoti zenu, kwa maana hapo mbiu ipo na mgambo hayupo.