Alikuwa Mkimya

Tulipomzika binamu yangu, waombolezaji walikaa mikekani pale Kirumba, upepo wa ziwa ukileta harufu ya dagaa kutoka Mwaloni. Sentensi moja ikapita mkeka hadi mkeka kama kahawa: “Alikuwa mkimya.” Hakuna aliyetaja alivyokufa.

Mimi pia ni mkimya. Nilirudi nyumbani na hofu, nikaanza kusoma.

Ng’ambo ya ziwa, Buganda, John Roscoe aliandika mwaka 1911 kwamba mwili wa aliyejiua ulichomwa njia panda, na kuni zilitoka kwenye mti au nyumba alimofia. Kilichoogopwa ni mzimu. Kisha Waingereza wakaleta hofu yao: Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya mwaka 1930 ilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Uingereza yenyewe ililifuta kosa hilo mwaka 1961. Kwetu kifungu cha 217 kilibaki hata baada ya Uhuru. Mzimu, halafu mshtakiwa. Mtu mwenyewe hakuulizwa kitu.

Wanasaikolojia walipofika, walipima hulka: wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, kutenda kwa pupa, kujidai ukamilifu. Hulka hizo zinahusiana na hatari ya kujiua, lakini wengi mno walio nazo huishi hadi uzee. Mwaka 1985, Aaron Beck na wenzake walitoa matokeo ya kufuatilia wagonjwa 207 wa Marekani waliolazwa wakiwa na mawazo ya kujiua. Waliokuja kujiua walikuwa 14, na karibu wote walikuwa wamepimwa wakaonekana wamekata tamaa kupita kiasi. Hulka mtu huzaliwa nayo kwa sehemu. Kukata tamaa huja, na kunaweza kuondoka.

Hapo nikakumbuka. Binamu yangu hakuwa mkimya! Utotoni ndiye aliyetangaza mechi zetu za chandimu kwa sauti ya redio, mpaka majirani wakatufukuza. Alinyamaza mwaka ule wa mwisho tu. Tuliona dalili, tukaiita tabia, na tabia haihitaji kuulizwa.

Siku hizi rafiki akibadilika, namwuliza waziwazi kama anafikiria kufa. Swali hilo halipandi wazo kichwani mwa mtu. Mara moja jibu lilikuwa ndiyo. Tulipanda pamoja kilima cha Bugando, polepole, yeye akiongea njia nzima.