Mtoto wa nani, mbwa wa nani? Kutoka lubunga mpaka kabare

Msomaji anayepita Baraka siku ya soko, jua likiwa linashuka, ataona jambo ambalo sisi wenyeji tumelizoea. Kwenye kabare, wanaume wamekaa na chupa zao, wengine wanakula bugali na mikebuka. Chini ya meza mbwa wawili watatu wanagombania miiba ya samaki. Kati ya viti watoto wanakimbizana, mmoja anamwaga bilauri ya mtu, mwingine anamalizia kilichobaki ndani ya chupa. Mtu anapiga kelele: «Fukuza ile mbwa! Na nyie watoto, mutoke hapa!» Wanatoka, na kabla ya dakika tano wamekwisha kurudi.

Wazee wetu wanatikisa kichwa na kusema: «Zamani haikuwa hivi.» Katika kurasa hizi tunataka kuangalia kama maneno hayo ni ya kweli. Tunaona ni kweli nusu. Zamani pia watoto na mbwa walifika mahali pa wanaume. Kilichobadilika ni kitu kingine.

Lubunga ya wazee wetu

Katika kijiji cha Babembe, lubunga ilikuwa ni pahali pa wanaume kukutania. Moto uliwaka pale. Pale wanaume walikula pamoja chakula kilichotoka katika kila nyumba, walikunywa pombe, walipokea wageni na kukata maneno ya mji. Mgeni akitaka kujua kijiji kikoje, alitazama lubunga yake.

Mtoto mwanaume hakukatazwa kufika lubunga. Ilikuwa ndiyo shule yake. Lakini hakufika kutembea tu. Alileta kuni, aliteka maji, alitumwa kuita mtu, alinawisha wakubwa mikono. Akimaliza, alikaa pembeni na kusikiliza. Ndivyo alivyojifunza majina ya ukoo, mipaka ya shamba, hadithi na methali, na namna ya kusema mbele ya watu. Akikosa heshima, mzee yeyote alimkemea, hata kama si baba yake mzazi, na baba mzazi hakukasirika. Alimshukuru mwenzake. Baada ya butende, yaani tohara na mafundisho yake, kijana alipanda ngazi: sasa alikaa karibu zaidi na moto.

Mbwa naye alijulikana. Babembe wa milimani walikuwa wawindaji wa nyavu na mbwa. Mbwa wa asili wa misitu yetu habweki sana, kwa hiyo alivalishwa shingoni kengele ya mti ili wawindaji wamsikie porini. Mbwa wa namna hiyo ni mali, na kila mtu alijua ni wa nani. Akiiba nyama ya jirani, jina la mwenyewe lilitajwa palepale, naye alijibu.

Kwa hiyo mtoto na mbwa walikuwapo. Ila kila mmoja alikuwa na mwenyewe, na mtoto alikuwa na kazi inayojulikana.

Desturi ya pwani ya ziwa

Huku Baraka desturi nyingine ilifika kwa maji. Katika karne ya 19, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliokuwa na makao yao Ujiji walivuka Tanganyika kutafuta pembe na, tusifiche, watumwa. Walileta pia Kiswahili, dini ya Uislamu, na baraza: mkeka mbele ya nyumba, kahawa au chai, mazungumzo. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanaifuata, chombo kilicholambwa na mbwa kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi kwenye baraza la Mwislamu, mbwa hakukaribia vyombo hata kidogo.

Hivyo tuna urithi mbili. Mtu wa mlimani alimsifu mbwa wake wa kuwinda, na mtu wa ziwani alimweka mbali na sahani. Lakini wote wawili waliafikiana kwamba pahali pa watu wazima pana adabu yake, na mtoto anaingia kwa adabu hiyo.

Kilichovunjika

Kwanza ulikuja utawala wa Wabelgiji. Vijiji vilisogezwa kando ya barabara ili kodi na kazi zisimamiwe, na wazee wa lubunga wakapungukiwa na nguvu mbele ya wakubwa waliowekwa na serikali. Bia ya kiwandani nayo ikaingia: Primus ilianza kutengenezwa Kinshasa, wakati ule Léopoldville, mwaka 1926. Pombe ya lubunga ilikuwa ya wote. Bia ya chupa ni ya mwenye pesa. Ndani ya kabare mwenye neno ni muuzaji, naye hakemei mtoto wa mteja wake.

Halafu vita. Katika maasi ya 1964 na 1965, Fizi na Baraka zilikuwa mikononi mwa waasi, na watu wengi walikimbilia porini. Vita vya 1996 na vya 1998 vilivusha maelfu mpaka Tanzania, katika makambi ya Nyarugusu na Lugufu. Mwezi wa 10 mwaka 2005 mashua za wakimbizi zilianza kurudi kutoka Kigoma mpaka Baraka. Walirudi watu waliozaliwa kambini, wasioijua lubunga ila kwa jina. Mji ukajaa watu wasiojuana. Katika mji wa namna hiyo, ukimkemea mtoto wa jirani, jirani anakuuliza: «Unamkemea kama nani?»

Tuseme ukweli pia juu ya sababu za leo. Mtoto anayezunguka kabare mara nyingi hakuja kucheza. Anauza karanga na mayai, au mama yake ndiye anayepika pale, au ametumwa kumwomba baba pesa ya chakula kabla haijaisha. Na mbwa hana mtu anayemlisha, basi anafuata harufu. Hilo ni hatari. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Aliyeumwa aoshe kidonda mara moja kwa maji na sabuni, dakika 15, kisha akimbie kituo cha afya kutafuta chanjo.

Tufanye nini?

Hatusemi turudishe lubunga yote jinsi ilivyokuwa. Ilikuwa ya wanaume. Mama zetu na dada zetu walipika chakula chake lakini hawakuketi kwenye moto wake. Leo wanawake wanafanya biashara, wanasoma, na neno lao linatakiwa kusikika. Fimbo nayo ilipigwa kupita kiasi mara nyingine.

Tunachotaka kukirudisha ni lile swali: mtoto wa nani, mbwa wa nani? Wakubwa wa mitaa wapatane na wenye kabare: mtoto asipewe pombe hata tone, na giza likiingia arudishwe kwao kwa mkono, si kwa teke. Mwenye mbwa amlishe na ampeleke kwenye chanjo inapofika. Na sisi wazazi tukubali tena kwamba jirani anaweza kumkanya mtoto wetu, mradi kwa upole.

Methali inasema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lubunga ilimlea kijana kwa sababu kila mkubwa aliyekaa pale alijihesabu kuwa mzazi wake. Siku tutakapojihesabu hivyo tena, hata kando ya meza ya kabare, mtoto atakemewa na atatii, na atajua njia ya kurudi kwao.