Ua la uzi lilivyofika Emali

Katika nyumba nyingi za Ukambani, mgeni hakaribishwi kwenye kochi tupu. Migongo ya viti huvikwa vitambaa, meza hutandikwa, na hata redio au televisheni haikosi chake. Ukikitazama kitambaa kwa karibu utagundua kwamba mara nyingi chote ni maua: moja katikati, mengine yakilizunguka, yote yamefumwa kwa uzi na sindano moja fupi yenye ndoana nchani. Ua hilo pia ni mojawapo ya masomo ya mwanzo kwa anayejifunza krosheti, Emali kama kwingineko. Kabla ya kufika hapa lilipitia kisiwa chenye njaa, shule za misheni, miaka ya Hali ya Hatari na vyama vya akina mama.

Emali iko Kaunti ya Makueni, mpakani na Kajiado, zaidi ya kilomita 100 kutoka Nairobi. Barabara kuu ya Mombasa inapita hapo, na ndipo inapochepuka ile ya Kimana na Loitokitok kuelekea Amboseli. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilipita ukanda huu kabla ya kufika Nairobi mnamo Mei 1899. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, Emali ikapata kituo chake. Sokoni Wakamba na Wamaasai huuziana mifugo, nafaka, shanga na viondo. Mji wa njia panda kama huu hupokea mengi kutoka mbali, na yanayowafaa wenyeji hubaki.

Krosheti yenyewe si kongwe kama watu wanavyodhani. Maelezo ya zamani kabisa ya ufumaji huu yanayojulikana kuchapishwa yalitoka katika jarida la Kiholanzi, Penélopé, mwaka wa 1823. Lakini ua la krosheti lilipata umaarufu wake Ireland. Kuanzia mwaka wa 1845 ugonjwa uliharibu viazi, chakula kikuu cha maskini wa kisiwa hicho, na karibu watu milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Watawa wa Shirika la Ursula mjini Cork waliwafundisha wasichana kufuma, na mwaka wa 1847 Cassandra Hand, mke wa kasisi wa Kianglikana, akaanzisha kazi hiyo katika mji wa Clones. Eléonore Riego de la Branchardière, ambaye mama yake alikuwa Mwairishi, alichapisha vitabu vya mitindo vilivyosambaa Uingereza na kwingineko.

Wanawake wa Ireland walifuma waridi, majani na vichipukizi kimoja kimoja, kisha wakaviunganisha kwa wavu mwembamba wa uzi. Kazi iligawanywa: fundi wa waridi alifuma waridi tu, fundi wa majani akafuma majani. Bidhaa ziliuzwa kwa matajiri wa London na Paris, na fedha zikarudi kununua chakula, kulipa kodi ya ardhi na, kwa baadhi yao, nauli ya meli ya kwenda Marekani. Waridi lile lenye tabaka za petali, moja nyuma ya nyingine, bado hufumwa hadi leo, na hata Emali unaweza kulikuta katikati ya kitambaa cha meza.

Ukambani ulikuwa miongoni mwa sehemu za bara la Kenya zilizofikiwa mapema na wamishonari. Misheni ya Waskoti ilianza Kibwezi mwaka wa 1891 kabla ya kuhamia Kikuyu, na katika miaka hiyohiyo Walutheri wa Ujerumani wakajenga kituo Ikutha, Kitui. Desemba 1895 Peter Cameron Scott alifika Nzaui, karibu na Emali ya leo, akafungua kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission. Alikuwa na wenzake wachache, wakiwemo wanawake, mmoja wao dada yake Margaret. Scott alifariki mwaka uliofuata, lakini misheni ikaendelea. Kadiri shule za misheni zilivyoongezeka nchini, ratiba ya wasichana ilifanana karibu kila mahali: kusoma, kuandika, dini, na kazi ya sindano.

Walimu hao hawakukuta mikono mitupu. Mwanamke wa Kikamba alijua kufuma tangu utotoni. Alikwangua nyuzi za gome la mbuyu na za vichaka vya porini, na baadaye za katani, akazianika, kisha akazisokota kwa kiganja juu ya paja hadi zikawa kamba nyembamba yenye nguvu. Kiondo alikianzia katikati ya kitako: kamba chache zinapishana, ncha zao zinaelekea pande zote, na uzi unazungushwa kati yake duara baada ya duara. Kitako kinapopanuka, nafasi kati ya kamba huwa kubwa, hivyo mfumaji huongeza kamba mpya. Asipoongeza kwa wakati, kitako hujikunja kabla hakijafikia upana anaoutaka. Akiongeza kupita kiasi, hupindapinda na kukataa kulala.

Ua la krosheti linafuata hesabu iyo hiyo. Linaanza na kitovu kidogo, linakua kwa mizunguko, na kila mzunguko unadai mishono zaidi ya ule uliotangulia. Mikono iliyojua kiondo ilikuwa tayari imejua jambo gumu zaidi, yaani kupima upana kwa macho na kuhesabu huku mdomo ukizungumza. Ugeni ulikuwa kwenye sindano na uzi tu. Wakamba walishapokea hivyo ufundi mwingine: Mutisya Munge wa Wamunyu alitoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa na ujuzi wa kuchonga vinyago, na eneo zima likageuka kuwa kitovu cha wachongaji. Tofauti ni kwamba jina la Mutisya lilihifadhiwa. La mwanamke wa kwanza kufuma ua la krosheti Ukambani halikuandikwa popote.

Hatua kubwa ilikuja mwaka wa 1952, shirika la Maendeleo ya Wanawake lilipoanzishwa chini ya idara ya serikali ya kikoloni ya maendeleo ya jamii. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na serikali ilitaka vilabu hivyo viwaweke wanawake mbali na Mau Mau. Viongozi walipewa mafunzo katika Shule ya Jeanes, Kabete, wakarudi vijijini kufundisha usafi, mapishi, malezi, kushona na kufuma. Lengo la mkoloni lilikuwa la kisiasa, lakini wanawake walichukua ujuzi na kuutumia kwa mahitaji yao wenyewe. Mwishoni mwa muongo huo Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza shirika.

Ukambani vilabu vilikuta msingi mwingine: mwethya, desturi ya majirani kukusanyika na kumsaidia mmoja wao kulima, kujenga au kuvuna. Katika miaka ya 1940 na 1950 mwethya ndio uliochimba matuta mengi ya kuzuia mmomonyoko katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni. Baada ya uhuru, vikundi vya wanawake viliendelea kulima pamoja, kuchanga pamoja na kufuma pamoja. Kitambaa cha kwanza kilikuwa cha sebule ya mwenyewe. Cha pili kikawa zawadi ya harusi. Cha tatu kikauzwa, na hela ikaenda kwenye karo ya shule au mabati ya nyumba. Ukambani ni nchi ya mvua mbili zisizotabirika, za Machi na za Oktoba, na kati ya mavuno na mvua inayofuata mkono hupata nafasi.

Kiondo nacho kilikuwa na neema yake. Katika miaka ya 1970 na 1980 kilipendwa Ulaya na Marekani, na mkutano wa Umoja wa Mataifa wa wanawake uliofanyika Nairobi mwaka wa 1985 ulikionyesha kwa maelfu ya wageni. Kisha vikaja viondo vya kuiga, vilivyotengenezwa kwa mashine barani Asia, na bei ikaporomoka. Krosheti ilinusurika pigo la aina hiyo kwa sababu ya umbo lake. Kila mshono hukamilishwa peke yake kabla ya mwingine kuanza, na sindano huingia popote mfumaji anapotaka, mbele, nyuma au pembeni. Mashine za viwandani huiga sura yake, lakini krosheti halisi bado hufumwa kwa mkono.

Mwaka huohuo wa 1985 mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza, ukiwa na sayansi kimu pamoja na sanaa na ufundi katika shule za msingi. Watoto wengi wa kizazi hicho, wavulana kwa wasichana, walishika uzi na sindano darasani.

Anayeanza leo hahitaji vingi: uzi mnene kiasi, wa rangi nyepesi ili mishono ionekane, na sindano ya milimita 4. Hufunga kitanzi, akafuma cheni sita na kuziunganisha ziwe pete. Kisha hufuma cheni tano, ambazo tatu za kwanza husimama mahali pa mshono mrefu. Baada ya hapo hutia ndani ya pete mshono mrefu na cheni mbili, mara tano, halafu huunga kwenye cheni ya tatu. Hapo huwa na nafasi sita. Ndani ya kila nafasi hufuma mshono mfupi mmoja, mirefu mitatu, na mfupi mmoja. Petali sita zimepatikana.

Tabaka la pili ndilo lenye siri ya Waairishi. Mfumaji huzilaza petali mbele, akapita nyuma yake kwa cheni tano tano, akizikaza kwenye shina la kila mshono mrefu wa mzunguko wa kwanza. Matao sita yanayopatikana hubeba petali kubwa zaidi, zenye mishono mirefu mitano badala ya mitatu. Ua linainuka. Kosa la kawaida la mwanafunzi ni kuvuta uzi kwa nguvu hadi sindano isipite. La pili ni kusahau nafasi moja na kujikuta na petali tano. Ua likikamilika, wengine hulichovya kwenye maji ya wanga au ya sukari na kulikausha likiwa limenyooshwa, ili lisilegee.

Vijana sasa hujifunza kwa video za simu, na hapo wanakutana na tatizo ambalo mama zao hawakulijua. Vitabu vya Uingereza, vilivyotumika shuleni miaka mingi, huita dabo mshono uleule ambao Wamarekani huuita singo. Anayefuata maelezo bila kujua yametoka wapi hupata ua dogo au kubwa kuliko lile la kwenye picha. Sindano ya ndoana nayo imeingia saluni, inakovuta nywele za bandia kupitia mistari ya suka. Na katika miji mikubwa, mashada ya maua ya uzi hutolewa kwa wahitimu na wapenzi, katika nchi ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa waridi halisi duniani.

Kinachowaumiza wafumaji ni malipo. Mnunuzi huona uzi, haoni saa zilizotumika. Uzi wenyewe mara nyingi hununuliwa kutoka mbali, ilhali pamba inaweza kukua Kitui na Makueni. Na kuna hasara nyingine isiyo na bei: mitindo mingi imo vichwani mwa akina mama waliofuma tangu miaka ya 1960, nao wanazeeka. Ireland imehifadhi krosheti ya miaka ya njaa katika makumbusho yake ya taifa. Vikundi vya Emali vinaweza kuanza na daftari gumu la sampuli: ua moja likishonewa kwenye kila ukurasa, na chini yake jina la aliyelifuma, aliyemfundisha, mwaka, na hesabu ya kila mzunguko.